Shajara ya Sir Warin Kelby

Kalamu ya Rawya binti Thabit haikosei, na mtu wa kwanza kukwambia hivyo alikuwa Rawya mwenyewe. Miaka ishirini na sita alikuwa akichora shajara, miti ya koo za watu, katika chumba chake cha Hamriya, mjini Muscat, juu ya duka la mshona dishdasha, kanzu za Kiomani, na katika miaka yote hiyo haikurudi hata familia moja kumwambia, Bi Rawya, umemwoza babu yetu kwa shangazi yake. Watu walimletea majina kwenye vikaratasi, kwenye simu, wengine vichwani tu, naye akawauliza swali lile lile: "Shahidi wako nani?" Jina lisilo na shahidi haliingii, hata liwe la waziri. Wapo walioshuka ngazi zile wamenuna, wanasema mwanamke yule ana kiburi. Kiburi anacho, tusimtetee kwa hilo. Lakini walirudi, kwa sababu shajara ya Rawya ikishatundikwa ukutani hakuna mgeni wa kuibishia.

Basi mwezi wa Novemba akapigiwa simu na mwanamke wa Kitanzania, Mhaya wa Bukoba.

"Mama, shikamoo. Naitwa Eufrasia, namtunza mzee mmoja Mwingereza huku Khuwair ya Kusini. Anaomba uje umchoree ukoo wake."

"Mwingereza?"

"Ndiyo, mama. Lakini Kiswahili anakijua, usiogope."

"Nani kakwambia nnaogopa?" akasema Rawya, na kwa kuthibitisha kwamba haogopi akaenda siku ya pili yake.

Mzee mwenyewe jina lake Martin Kelby, miaka themanini na moja. Alikuja nchi hii kijana, kuchimba visima vya serikali, na ofisi yake siku hizo, makarani na madereva wote walikuwa watu waliorudi kutoka Unguja. Kiswahili chake kikawa cha Unguja kabisa, na vijembe vyake ndani. Huko Qurayyat kuna kisima wazee wanakiita kwa jina lake mpaka leo. Mke alishatangulia, watoto hawakujaaliwa, na macho yalikuwa yamefunga ukungu. Anaona kuwa kuna mtu mbele yake, uso hauoni.

"Karibu, Bi Rawya. Sikuoni, lakini nnasikia bangili zako. Kaa."

Akamweleza anachokitaka. Ukoo wa Kelby, alisema, unaanzia kwa Sir Warin Kelby, aliyepigana vita vya Wafaransa zama za Mfalme Edward wa Tatu, miaka karibu mia saba iliyopita. Alikuwa mmoja wa wale wapanda farasi wenye ngao na deraya.

"Yaani faris," akasema Rawya.

"Faris hasa. Nnataka jina lake, vita vyake, na kizazi chake chote mpaka mimi na kaka yangu Hugh."

Kisha akanyoosha mkono wake wa kushoto. Kidoleni palikuwa na pete ya dhahabu iliyolika, na juu yake wamechongwa ndege watatu wadogo. Rawya akainama kuwatazama.

"Mbona hawana miguu hawa?"

"Ndiyo alama ya Sir Warin. Alizaliwa wa pili, na wa pili kwetu zamani harithi ardhi. Ndege asiye na miguu hana pa kutua."

Rawya alikuja Muscat kutoka Unguja ana miaka sita, amebebwa na mama yake na begi moja, na habari za kukosa pa kutua hakuhitaji kuelezwa na Mzungu.

Pete ile, Martin akaendelea, huvaliwa na mtoto wa kwanza, na wa kwanza ni Hugh. Lakini siku baba yao alipokuwa akikata roho, Hugh alikuwa njiani, treni imekwama kwenye theluji. Mzee akaivua, akamvika Martin aliyekuwa karibu. Hugh akafika saa mbili baadaye, akaiona.

"Kwa nini hukumpa palepale?"

"Ujinga. Nilisema baba kanivika mimi. Maisha yangu yote nilikuwa wa pili, Bi Rawya. Nilitaka siku moja niwe wa kwanza." Akaigusa pete. "Miaka thelathini na moja hatujasemezana. Sasa moyo wangu umechoka, daktari kanikataza ndege. Nnataka kumpelekea pete yake, na shajara inayomuonesha yeye mbele na mimi nyuma. Tena iandikwe na mtu wa mbali, mwenye jina la ukweli, asije akasema nimeichora mwenyewe. Nikifa hajanisamehe, nitakufa vibaya."

Maneno hayo yalimwingia Rawya. Akauliza hata hivyo, maana kazi ni kazi: "Shahidi wako nani?"

Mzee akacheka, akamwita Eufrasia alete sanduku.

Ndani mlikuwa na nakala za orodha za askari, zilizotolewa kwenye nyaraka za kale za Uingereza, na tafsiri zake zimepigwa chapa pembeni. Rawya alizichukua Hamriya akakaa nazo wiki tano. Siku za mwanzo alijiambia ni kazi kama kazi nyingine. Halafu akajikuta anamzungumzia Sir Warin mezani kama jirani.

"Unajua alianza hana hata cheo?" alimwambia binti yake Lujain, mhandisi wa barabara, aliyezoea kumletea chakula cha mchana. "Alikwenda vitani nyuma ya kaka yake, Rafu. Rafu ndiye mkubwa, ndiye mwenye jina. Mwaka 1346 wote wawili wamo kwenye vita vya Crécy, hema moja, wameandikwa pamoja. Halafu wakauzingira mji wa Calais. Rafu akafa pale."

"Kwa upanga?"

"Kwa tumbo, maskini. Tumbo la kuendesha, kambini, kwenye matope. Sasa sikiliza alivyoandika karani." Akavaa miwani. "Warin Kelby amepewa ruhusa ya siku arobaini kumrudisha kaka yake nyumbani. Basi. Hakuandika mwili, hakuandika maiti. Kaandika kaka yake. Na mbele kidogo: Warin Kelby amerejea kambini siku ya thelathini na nane. Siku mbili kabla! Kavuka bahari, kazika, karudi kazini."

Akavua miwani akaifuta, na Lujain akajifanya anatafuta chumvi. Kaka yake Rawya, Humam, alizikwa Unguja yeye akiwa hapa Muscat. Habari ilifika kwa simu watu wameshatoka makaburini. Hata mchanga hakuwahi kutia.

Baada ya Calais, Warin aliendelea miaka ishirini. Akapewa cheo cha Sir uwanjani, akapigana tena Ufaransa, akafika mpaka Hispania na jeshi la mwana wa mfalme, akarudi kwao anachechemea, akaoa, akazaa. Kutoka hapo majina yalishuka baba kwa mwana, isipokuwa mahali pamoja ambapo vizazi viwili havikuwa na shahidi. Martin aliapa kuwa ni John na Thomas. Rawya alikataa katakata. Akaacha pale kipande cha shina kitupu, hakina jani wala jina.

Aliuchora mti kwa wino wa kahawia, herufi za Kiingereza alizozizoea tangu alipokuwa akiandika vyeti vya wizara, mizizi chini, matawi juu. Lujain aliutazama siku moja akasema, "Mama, hawa Waingereza kwao babu huwekwa juu, watoto wanateremka chini."

"Mti gani una mizizi juu? We, kula."

Na hilo likawa limekwisha. Chini kabisa akaweka ndugu wawili wa zamani, Rafu na Warin, na pembeni mwa Warin vita vyake vyote na ile ruhusa ya siku arobaini. Juu kabisa akaweka ndugu wawili wa leo, Hugh na Martin. Mkubwa kulia, mdogo kushoto, kama alivyofanya kwa kila ukoo miaka ishirini na sita.

Shajara ikimalizika, desturi ya Rawya ni kuisoma mbele ya wenyewe kwa sauti, jina kwa jina, kabla haijatoka mkononi mwake. Siku hiyo wenyewe walikuwa Martin na Eufrasia tu. Akasoma, "Rafu, na ndugu yake Warin," mpaka akafika "Hugh, na ndugu yake Martin." Mzee alikuwa amefumba macho, machozi yanamtoka bila ya haya.

"Hugh mbele," akasema. "Ahsante, bibi wee. Ahsante sana."

Akaivua pete kwa sabuni, maana ilikataa kutoka, wakaifunga pamoja na shajara ikaenda kwa Hugh.

Zikapita siku kumi na mbili. Rawya alikuwa amezama kwenye ukoo wa watu wa Sur, simu ikalia.

"Mama, huku kumeharibika," alisema Eufrasia. "Kaka yake Babu ametuma ujumbe mbaya. Babu hajala tangu juzi. Amegeukia ukutani tu."

Lujain akamwendesha mama yake mpaka Khuwair, na mlangoni Eufrasia akawasomea ujumbe kwenye simu ya mzee, akiugeuza Kiswahili kidogo kidogo: *Pete nimeipata. Mti nimeuona. Umenirudishia pete ukachukua nafasi yangu, tena kwa mwandiko mzuri. Usinitafute tena.*

"Nafasi gani?" Rawya akaja juu. "Muongo mkubwa! Nimemuweka mbele miye mwenyewe, kwa mkono wangu huu!"

"Hata Babu amesema hivyo. Amesema kaka yake ametafuta sababu ya kumchukia, amekosa, ametunga."

Rawya alikuwa na picha ya shajara kwenye simu yake. Akampa Lujain aangalie, ashuhudie uongo wa Mwingereza. Lujain akaangalia. Akaangalia tena.

"Mama. Isome kama unasoma Kiingereza."

"Namna gani?"

"Anzia huku." Akaweka kidole upande wa kushoto.

Rawya akaanzia huku. *Martin. Hugh.* Akateremka mpaka chini. *Warin. Rafu.*

"Loo," akasema. "Loo, mwanangu. Nimewageuza."

Akakaa kwenye ngazi ya mlango, mtandio umemwanguka mabegani. Herufi za Kiingereza, zinazokwenda kushoto kwenda kulia, yeye kazipanda juu ya mti unaokwenda kulia kwenda kushoto. Na mzee hakuweza kuona, alisikia tu, na alichokisikia kilikuwa sawa. Mzee angelikuwa na macho angeligundua. Mtu yeyote asiyekuwa na kiburi angelimuuliza binti yake.

Haya, hapa nisimfiche. Ilimpitia akilini kunyamaza. Mzee haoni, Eufrasia hakuelewa kilichogeuzwa, Hugh yuko mbali na keshakasirika. Kalamu isiyokosea ingebaki haikosei. Ilimpitia, ikakaa kidogo, na Lujain akaiona usoni mwake.

"Utamwambia?" aliuliza Lujain.

"Niache nivute pumzi," akasema Rawya. Kisha akainuka, akaingia.

Martin alilala kageukia ukuta, amekonda kwa siku mbili tu. Rawya hakutafuta maneno ya kupambia. Alivuta kiti akasema, "Bwana Martin, kosa ni langu. Sisi mkubwa tunamuweka kulia. Nyinyi mnaanza kusoma kushoto. Kaka yako kafungua karatasi kakuona wewe mbele. Hakutunga kitu. Nimekuharibia miye."

Eufrasia akasogea kumshika mzee mkono. Mzee akageuka.

"Kwa hiyo Hugh hakusema uongo?"

"Hakusema."

"Alhamdulillahi," akasema Martin Kelby, Mkristo wa kanisa la Kiingereza. "Siku mbili nimelala hapa namdhania vibaya kaka yangu."

Hakumlaumu hata kwa neno moja, na hilo lilimuuma Rawya kuliko matusi. "Nipe namba yake," alimwambia Eufrasia. "Ya video. Nimuone na anione."

Lujain akapiga. Muscat ilikuwa alasiri, kwa Hugh mchana. Ikaita sana. Mwisho pakatokea uso wa mzee mrefu, mweupe kichwa kizima, karibu mno na kioo cha simu kama wazee wote. Aliona namba ya Oman, aliona mwanamke asiyemjua, na kabla Rawya hajatamka salamu aliuliza neno moja.

"Amekufa?"

Rawya akapata nguvu hapo. Mtu anayeuliza hivyo hajamtupa ndugu yake, akawaza.

"Hajafa," akamjibu kwa Kiingereza chake cha ofisini. "Lakini hataki kula, na sababu ni mimi. Mimi ndiye niliyechora mti. Unao?"

"Nimeutia kwenye kabati."

"Ulete."

"Bibi, sina haja ya kuuona tena."

"Ulete," akasema Rawya, kwa sauti iliyowahi kuwarudisha mashekhe nyumbani wakatafute mashahidi. Hugh Kelby, miaka themanini na minne, akaenda kabatini.

"Juu umeshapatazama. Kila mtu hutafuta jina lake kwanza, nawajua. Sasa tazama chini. Rafu yuko upande gani?"

Karatasi ikachakarika. "Kulia."

"Na Warin?"

"Kushoto."

"Kati ya Rafu na Warin, mkubwa nani?"

Kila Kelby analijua hilo tangu utotoni. Walionekana nyusi za mzee zikikunjana, kisha zikikunjuka taratibu.

"Rafu," akasema.

"Sisi tunaanzia kulia. Mkubwa hukaa kulia. Wewe umekaa alipokaa Rafu, kwa sababu ndugu yako alitaka hivyo. Haoni, macho yake yamekwisha. Nilimsomea, nikaanza na jina lako, akalia. Kosa la mkono ni langu, bwana. Ya moyoni mwake hayana kosa."

Kichwa cha Hugh kilikuwa kimeinamia karatasi, na walichokiona wao kwenye simu ni nywele tu. Kisha wakasikia anasoma polepole, maandishi ya pembeni mwa jina la Warin, yale ambayo kwa hasira hakuwa ameyasoma. *Ruhusa ya siku arobaini kumrudisha kaka yake nyumbani.*

"Daktari anasema hawezi kupanda ndege?" akauliza, hajainua kichwa.

"Hawezi."

"Mimi naweza."

Martin pale kitandani alikuwa ameshika mdomo wake kwa mikono yote miwili. Eufrasia akakimbilia jikoni kupasha uji, anaimba wimbo wa kwao.

Hugh alikuja baada ya wiki tatu, na fimbo, na shajara imekunjwa kwenye mrija wa karatasi ngumu ambao hakumwachia mtu yeyote amshikie, hata pale uwanja wa ndege. Rawya alikwisha kuandaa karatasi mpya, ameshapiga mistari ya kuuchora mti upya, kushoto kwenda kulia, kwa heshima ya wenyewe. Alikwenda Khuwair siku hiyo kuomba radhi ana kwa ana na kuichukua ile mbovu. Hajapata kwenda nyumba ya mtu na aibu kiasi kile.

Martin alikuwa ameketi kwenye kochi refu, amevaa shati la kwendea kanisani. Aliposikia fimbo mlangoni hakusimama, miguu haikumruhusu. Alifanya jambo jingine. Alijisukuma kwa viganja, kidogo kidogo, pumzi zinampaa, kutoka mwisho wa kulia wa kochi alikozoea kukaa kila siku, mpaka akafika kushoto. Akapigapiga mahali alipopaacha.

"Hapa," akasema kwa Kiingereza. "Hapa ndipo pako."

Hugh alisimama akamtazama. Kisha akaja, akakaa kulia, na wale wazee wawili wakashikana mikono wakitazama mbele, hakuna anayemtazama mwenzake, kidevu kile kile kinawatetemeka.

Baadaye Hugh akatoa pete mfukoni, akaijaribu kidole kimoja baada ya kimoja. Haikupita. Vidole vyake vilikuwa vimevimba viungo vyote.

"Haingii," akasema. "Wala siku ile iliponifikia haikuingia."

"Miaka thelathini na moja!" akasema Martin, na wakaanza kucheka, kicheko cha kukohoa, mpaka Eufrasia akaja kuangalia kama kuna anayekufa.

Rawya akatandaza shajara mezani ili aikunje aondoke nayo. Karatasi ikataka kujiviringa. Hugh akaweka pete kwenye pembe moja na kiganja chake kwenye pembe nyingine.

"Unaipeleka wapi?"

"Nikaichore upya, bwana. Kama mnavyosoma nyinyi."

"Iache," akasema Hugh. "Ndugu yangu anaishi hapa. Isomwe kama inavyosomwa hapa. Na usome wewe, nimeambiwa huwa unasoma kwa sauti."

Rawya akavaa miwani, akainamia karatasi. Eufrasia akaingia na birika la kahawa na vikombe. Akasimama mbele ya kochi na, kama inavyofanywa katika kila nyumba ya Muscat, bila ya mtu kumwelekeza, akaanza kumiminia upande wa kulia, alipokaa Hugh.